Maimamu watuachie nafasi ya kutulia katika swala

Mhariri,

Katika hotuba za Ijumaa na darasa za baada ya Magharibi tunasikia mara kwa mara kwamba swala ni mazoezi ya viungo na dawa ya mawazo. Naamini kwa dhati kwamba swala ina raha kubwa ndani yake, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwambia Bilal awaburudishe kwayo. Hata hivyo, naomba nafasi katika gazeti lako nikumbushe kwamba raha hiyo imefungamana na sharti ambalo baadhi ya misikiti yetu inalipuuza, nalo ni utulivu.

Wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo kutulia katika rukuu, itidali (kusimama wima baada ya rukuu), sijda na kikao baina ya sijda mbili ni nguzo. Hadithi ya mtu aliyeswali kwa haraka, akarudishwa na Mtume mara tatu kwa sababu swala yake haikuwa swala, inajulikana hata na watoto wa chuoni. Lakini ingia katika baadhi ya misikiti wakati wa tarawehe, nawe utakuta rakaa 20 zinaswaliwa kwa kasi ambayo mzee wa miaka 70 hawezi kuifuata: hajanyoosha mgongo kutoka rukuu, imamu ameshakwenda kusujudu.

Haraka hiyo inaumiza mwili. Anayeinuka ghafla kutoka sijdani, ambako kichwa kiko chini kuliko moyo, anaweza kushikwa na kizunguzungu, hasa akiwa mzee au akiwa anatumia dawa za shinikizo la damu. Kile kikao kifupi cha mapumziko kabla ya kuinukia rakaa ya pili na ya nne, ambacho kwetu ni sunna, kingempa nafuu kama imamu angekiachia nafasi. Hali ni hiyo hiyo katika kisomo. Katika swala tano za fardhi mtu husoma Alhamdu mara 17 kwa siku, na Bibi Umm Salama, mkewe Mtume, amepokea kwamba Mtume alikuwa akikata kisomo chake aya baada ya aya. Anayesoma hivyo huitoa pumzi polepole, na pumzi inapotoka polepole mapigo ya moyo nayo hupungua kasi, ndipo nafsi ikapata kutua. Alhamdu iliyosomwa yote kwa pumzi moja haiwezi kuleta faida hiyo.

Sisemi swala zirefushwe. Muadh bin Jabal alipowaswalisha watu wake Isha kwa Surat al-Baqara, Mtume alimkemea na kumwelekeza kwenye sura fupi kama Wash-shamsi, kwa kuwa nyuma ya imamu wako wazee, wadhaifu na wenye haja zao. Kinachofupishwa, basi, ni kisomo, na utulivu unabaki pale pale; baadhi yetu tumegeuza, tunashindana kuhitimisha juzuu huku rukuu na sijda zikikatwa.

Kuhusu mazoezi, tuseme kweli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mgonjwa wa kisukari asiambiwe kwamba rakaa zake zimemtosheleza. Mwenye magoti mabovu naye asitazamwe vibaya akiomba kiti, maana sahaba Imran bin Husain alipougua bawasiri aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyowasemesha wenye sonona. Mtu amekosa usingizi kwa wiki nyingi, hali chakula, hana hamu ya lolote, naye anaambiwa kwamba angekuwa anaswali sawasawa yasingemfika hayo. Maneno hayo yanamwongezea mgonjwa dhambi asiyoitenda. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qurani haikumhesabu kuwa mpungufu wa imani. Mtume wetu alikuwa akiomba kukingwa na mawazo mazito na huzuni, na ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na inastahili kutibiwa. Yuko pia yule anayerudia takbira na udhu mara nyingi asiridhike, mpaka wakati wa swala ukampita. Huyo wasiwasi umeshakuwa ugonjwa, na kumkaripia kunamzidishia. Swala ibaki kimbilio la watu hawa wakati wakiendelea na matibabu kliniki, na imamu awe wa kwanza kuwaambia waende.

Naomba Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), Ofisi ya Mufti wa Zanzibar na kamati za misikiti, zinapoandaa semina za maimamu kabla ya Ramadhani, zimwalike muuguzi wa afya ya akili na daktari wa wazee wazungumze na maimamu ana kwa ana. Kamati nazo ziweke viti vichache mwishoni mwa kila safu, ili wanaovihitaji wasilazimike kuviomba.

Msomaji wako,
Tanga