Wazazi, msiwazuie watoto kuingia darasa la Honors

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kutoka huku Marekani, akiwaonya wazazi wa sekondari wasikubali watoto wao wawekwe katika darasa la Kiingereza la Honors, yaani la ngazi ya juu kuliko la kawaida. Alisema darasa hilo linawachosha watoto bure, linawafundisha ubishi, na kwamba mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi juzi hana lake mle. Barua ile imezunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na nimeshakutana na wazazi wanaoinukuu mbele ya walimu. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Kigoma kabla ya kuhamia Louisville, jimbo la Kentucky. Sasa kazi yangu ni ukalimani: mzazi akiitwa shuleni, mimi nakaa kati yake na mwalimu. Familia nyingi ninazozihudumia ni za Wakongomani waliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya huko Kigoma. Na binti yangu mwenyewe yuko darasa la 10, anasoma Honors. Kwa hiyo ninayoyasema nayaona kazini, na jioni nayaona tena mezani kwangu.

Kwanza tuelewane ni darasa gani. Sekondari ya huku ina miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na Kiingereza ni lazima. Somo ni lilelile, ila shule nyingi zina ngazi mbili au tatu: la kawaida, Honors, halafu AP (Advanced Placement), la ngazi ya chuo, ambalo kwa Kiingereza husomwa zaidi darasa la 11 na 12 na mtihani wake hufanyika Mei. AP hutahiniwa na College Board, shirika la mitihani, kwa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia kozi mwanafunzi aliyepata 3 au 4 kwenda juu. Honors ndiyo njia ya kufika huko. Pia shule nyingi huipa uzito zaidi: A ya darasa la kawaida ni 4, ya Honors inaweza kuhesabiwa 4.5. Wanaogawa ufadhili wa masomo huziangalia namba hizo.

Sasa, mtoto akiingia Honors atakutana na nini? Kusoma, tena kusoma kwingi. Kurasa ishirini au thelathini kwa usiku mmoja si ajabu, na baadhi ya shule hutoa kitabu cha kusoma likizo ya kiangazi, ili wiki ya kwanza tu waanze kukiandikia. Hakuna atakayemsomea darasani. Mwalimu anataka kuona kitabu kimepigiwa mistari kwa penseli, pambizoni kuna maswali ya mtoto mwenyewe, na kurasa hizo zina alama zake.

Nieleze jambo moja kwa karibu, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Muhula uliopita binti yangu na wenzake walikuwa wanasoma Julius Caesar, tamthiliya ya Shakespeare. Sisi tuliopita sekondari za Tanzania tungeulizwa: dhamira ni zipi, toa hoja tatu kwa mifano. Mwalimu wake aliwauliza hivi: baada ya Kaizari kuuawa, Brutus, mmoja wa waliomuua, anawahutubia wananchi kwa nathari, na Antony, rafiki wa Kaizari, anawahutubia kwa shairi, kwa nini mwandishi ametofautisha? Na kwa nini Brutus amruhusu Antony aseme wa mwisho, wakati Cassius, mwenzake katika mauaji hayo, alikuwa amemkataza? Watoto walipewa jioni nzima watafute majibu ndani ya mistari ya tamthiliya yenyewe. Binti yangu aliandika kwamba Brutus ni mtu mwema aliyeamini akili za watu zinatosha. Karatasi ikarudi imeandikwa pembeni: umejuaje? Mstari upi? Akairudia. Ikarudi tena: mstari ni huu, sawa, lakini unathibitishaje kuwa ndivyo ulivyosema? Aya moja ilimla siku tatu.

Wapo watakaoona huo ni usumbufu. Mimi nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na ninasema kazi ile ndiyo kufundishwa kuandika. Yale tuliyokuwa tunayaita fani na maudhui, wao wanayachimba upande wa fani mpaka mtoto aone mwandishi alivyoijenga kazi yake. Dai, ushahidi kutoka kitabuni, ufafanuzi wa ushahidi ule: hayo matatu yatamfuata mpaka chuo kikuu. Na mzazi asishtuke akiona karatasi imejaa wino. Huku insha huandikwa rasimu ya kwanza na ya pili, wanafunzi wakasomeana, mwalimu akashauri, ndipo alama zitolewe.

Kuna jambo linalowaumiza watoto wetu hasa, na halina uhusiano na akili. Ni mjadala wa duara. Viti vinapangwa mduara, mwalimu anakaa pembeni anaandika, wanafunzi wanaongozana wenyewe. Anayesema kwa ushahidi anapata alama. Anayenyamaza hapati, hata kama kitabu amekimaliza. Mtoto wetu amelelewa kwamba wakubwa wakizungumza anasikiliza, na kumwambia mtu sikubaliani nawe mbele ya watu ni kukosa adabu. Basi anakaa kimya, halafu mwalimu ananiambia nimkalimanie mama: binti yako hajiandai. Mama anatoka analia, maana anajua mtoto alikesha. Ndugu yetu aliyeandika aliuita mjadala huo ubishi. Mimi nimekaa kwenye mijadala hiyo mara nyingi nikisikiliza, na niliyoyasikia ni vijana wakisema: nakubaliana na fulani hapa, ila ukurasa ule unaonyesha vingine. Hakuna aliyetukanwa. Barazani kwetu wazee walikuwa wanafanya hivyohivyo. Mfanyeni mtoto azoee nyumbani: mwulizeni amesoma nini leo, akijibu, mpingeni kidogo, ajitetee.

Jambo jingine la kumwonya mapema ni kunakili. Kwetu aliyeyakariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno alisifiwa. Huku kuchukua sentensi za mtu, au za intaneti, au zilizoandikwa na programu za akili mnemba, bila kusema zimetoka wapi, ni kosa la nidhamu na kazi hupewa sifuri. Mtoto mgeni anaweza kulifanya bila nia mbaya. Aambiwe kabla.

Mzazi asiyejua Kiingereza asiseme hana msaada wa kutoa. Mwalimu Nyerere alikwisha kuitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Animal Farm ya Orwell, inayosomwa sana darasa la 9 na la 10, tunayo kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Things Fall Apart, riwaya maarufu ya Chinua Achebe, ambayo shule nyingi za huku wanaisoma, imetafsiriwa kama Shujaa Okonkwo. Ninyi mlioko Dar es Salaam na Nairobi, mkitaka kumtumia ndugu yenu wa Marekani zawadi, mtumieni vitabu hivyo. Nimemwona baba mmoja, fundi seremala, akibishana na mwanawe juu ya Brutus kwa Kiswahili safi, na kesho yake kijana akasema darasani kwa mara ya kwanza.

Sitaficha kwamba ni kazi. Binti anayepika chakula cha wote, anayeogesha wadogo zake na kumsindikiza mama hospitali akawe mkalimani, hawezi pia kusoma kurasa thelathini. Hapo wazazi wenzangu nawasihi kwa moyo wote: mpeni saa mbili za jioni asiguswe. Hospitali zina wakalimani, waombeni.

Limebaki la wale wanaoambiwa kwamba mtoto hawezi kuingia Honors kwa sababu bado yuko ESL, lile darasa la wanaojifunza Kiingereza. Nimelisikia likisemwa shuleni mbele yangu, nikalazimika kulitafsiri kama lilivyo. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule bila msaada si usawa. Sheria hiyohiyo ndiyo msingi wa mzazi kupewa mkalimani bure. Kwa hiyo mkiambiwa hapana, ulizeni kwa upole: ni alama zipi alizokosa, nani ameamua, na tunaweza kupata jibu hilo kwa maandishi? Mwombeni mwalimu wa ESL aandike maoni yake. Mwulizeni kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, kama mtoto anaweza kuwa kwenye madarasa yote mawili. Mara nyingi inawezekana, ila hakuna atakayewaambia msipouliza.

Ndugu Mhariri, naomba barua hii itoke mapema. Fomu za kuchagua masomo ya mwaka ujao katika shule ninazofanya kazi huanza kugawiwa Februari, zinarudishwa na sahihi ya mzazi, na mtoto ambaye fomu yake haikurudi hupangiwa darasa la kawaida.

Mzazi na mkalimani,
Louisville, Kentucky