Kwa nini tunalowesha kitambaa chako kabla ya kukikata

Mteja akishapimwa na kitambaa chake kikiwa mezani, hutarajia mkasi uanze kazi siku hiyohiyo. Kwetu hauanzi. Kitambaa cha pamba au cha kitani kwanza huingia majini, huanikwa, hupigwa pasi, ndipo hukatwa, na shughuli hiyo huongeza siku mbili kwenye oda. Baadhi yenu mmetulalamikia kuhusu siku hizo mbili, na mna haki ya kuelezwa zinakwenda wapi.

Nyuzi za asili hunywa maji. Hata nguo ya pamba unayoiona kavu kabatini hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, kutoka hewani tu. Hariri hubeba kama 11, kitani 12, sufu 16 hivi. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Kunywa huko ndiko kunakoleta raha ya kuvaa nguo hizi, maana jasho hupata pa kwenda. Karaha zake nazo zinatoka hapohapo.

Kiwandani kitambaa huvutwa. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hukazwa kwenye mtambo wa kufumia, kisha jora huvutwa tena linapotiwa rangi na kukaushwa. Hukauka likiwa limenyooshwa na hubaki hivyo mpaka likutane na maji. Maji yakiingia, nyuzi huvimba. Uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, ukinenepa, ule wa mtande hulazimika kupanda na kushuka zaidi ili kuuzunguka, na kitambaa kinapungua urefu. Mafundi husema kitambaa kimerudi, na hakuna neno linalofaa kuliko hilo: kinarudi kwenye kimo chake halisi, kile cha kabla ya kuvutwa.

Hatupendi kukisia kitarudi kiasi gani. Tunakata kipande cha sentimita 50 kwa 50, tunakifua, tunakikausha, tunakipima. Kikitoka na sentimita 48 upande wa mtande, kimerudi asilimia 4. Kwenye suruali yenye mguu wa sentimita 80 hiyo ni zaidi ya sentimita 3, kwa hiyo suruali iliyogusa kiatu vizuri siku ya kuichukua ingekuwa imepanda hadi kwenye kifundo baada ya kufuliwa. Uzi wa poliesta tunaoshonea, kwa upande wake, haurudi. Kitambaa kikisinyaa huku uzi ukibaki na urefu wake, mshono hujikunjakunja na pasi haiwezi kuunyoosha. Sehemu kubwa ya kurudi hutokea kwenye fuo la kwanza, lakini si yote, ndiyo maana vitambaa vizito tunavilowesha mara mbili.

Kitani tunakitendea vivyo hivyo. Kuhusu mikunjo yake, tunawaomba msituletee kama kasoro ya ushonaji. Unyuzi wa kitani hauvutiki, ukivutwa asilimia 3 hivi unakuwa karibu kukatika, na kitu kisichovutika hakijui kujirudisha kikikunjwa. Ugumu huohuo ndio unaokifanya kisigandie mwilini wakati wa joto. Kipige pasi kikiwa bado na unyevu, utaona tofauti kubwa.

Sufu ni habari nyingine kabisa. Mteja mmoja alituletea sweta alilolifua kwa maji ya moto pamoja na nguo nyingine. Lilikuwa la mtu mzima, likawa la mtoto, zito na gumu kama zulia. Alituuliza kama linaweza kuvutwa lirudi kama zamani, na iliniuma kumwambia haiwezekani. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana, yote yameelekea ncha, kama magamba ya samaki. Ukiutia maji na joto kisha ukausugua, unatambaa kuelekea upande mmoja tu na kunasana na wenzake, wala haunasuki tena. Kwa hiyo kitambaa cha sufu hatukiloweki na kukisugua. Tunakilaza, tunakipa mvuke wa pasi, tunakiacha kipoe chenyewe bila kukigusa.

Hapa ndipo ningependa mteja atusikilize zaidi, kwa sababu makosa mengi tunayoletewa yanaanzia kwenye beseni. Pamba na kitani ni nyuzi za mmea, na zikilowa huongezeka nguvu. Unaweza kuzikamua na kuzisugua kwa sabuni ya unga bila wasiwasi mwingi. Sufu na hariri ni protini, kama nywele zako, na zikilowa hupungua nguvu. Usizisokote. Zisuuze kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, zikandamize ndani ya taulo, kisha zitandaze. Sabuni kali huzila. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huziyeyusha kabisa. Na gauni la hariri lisianikwe juani, maana jua na jasho lililokaukia kwenye kitambaa huidhoofisha hariri mpaka inachanika kwapani bila kuvutwa.

Wapo wanaodhani pamba ndiyo bora kwa kila kazi. Sikubaliani nao. Pamba hunywa jasho vizuri lakini huchelewa kulitoa, na kwenye baridi shati lililolowa mgongoni huuondolea mwili joto. Sufu inaweza kubeba unyevu karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi amelowa, tena hutoa joto kidogo inapoufyonza. Kwa mtu atakayetembea au kufanya kazi kwenye ubaridi, nitamshauri sufu nyembamba hata kama alikuja kutafuta pamba.

Ukituletea kitambaa bila lebo, tunaweza kuchoma uzi mmoja. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na masalia yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili mbili kwa pamoja, na hapo tunakitegemea zaidi kile kipande cha sentimita 50.

Kwenye hariri huwa tunakuuliza kwanza utaifuaje. Maji yanaweza kuiachia madoa au kuipunguzia mng'ao, kwa hiyo kama nguo itakwenda drai klini siku zote, hatuiloweshi kamwe. Kama utaifua mwenyewe kwa mkono, ni heri mng'ao upungue kwenye kitambaa kizima kabla ya kushonwa kuliko uje kutoka kwa mabaka. Basi tuambie siku ileile unapokuja kupimwa, kwa sababu mkasi ukishapita hatuna tena nafasi ya kulibadilisha hilo.