Jengo hilo limejengwa mwaka gani?

Mwanangu mpenzi,

Umesema chumba kimepatikana, bei nafuu, katikati ya mji wa zamani. Mwaka wa kujengwa hukuutaja, na nimekuuliza mara mbili.

Habari za L'Aquila, huko Italia, nazisoma tangu ulipopata nafasi ya chuo. Mji uko juu, karibu mita 700, na mlima Gran Sasso nyuma yake una kilele cha mita 2,912. Ile maabara ya fizikia iliyo huko chini ya mwamba wa mita 1,400 mama yako ameshaisimulia jumuiya nzima. Tunajivunia, usidhani vinginevyo. Lakini tarehe 6 Aprili 2009, saa tisa na dakika 32 usiku, ardhi ilitetemeka na watu 309 wakafa. Wanane kati yao walikuwa wanafunzi wa bweni moja. Tetemeko letu hapa Bukoba, Septemba 2016, nalo lilikuwa saa tisa, ila mchana, na nyie mlikuwa nje.

Baada ya tetemeko lao walijenga majengo 185 pembezoni mwa mji, juu ya vifaa vinavyoiacha nyumba iteleze ardhi ikicheza. Ukipata nafasi huko, hamia, hata kama utasubiri basi. Ukibaki mjini, mwulize mwenye nyumba: jengo la mwaka gani, liliimarishwa baada ya 2009 au lilipakwa rangi tu? Kubishana na mimi hujawahi kuona haya, basi na yeye usimwonee haya. Rafu ya vitabu isikae juu ya kichwa chako. Viatu viwe chini ya kitanda, maana vioo vikivunjika utatembea juu yake gizani.

Sweta mbili mama yako amezitia kwenye kifurushi, pamoja na kahawa na senene wa kukaanga. Kule theluji inaanguka, usivae kama uko Dar.

Kabati lile la chumbani kwenu tumelihamisha. Ufa uliokuwa nyuma yake sasa unaingiza kidole. Fundi wakati ule alitaka nondo na lenta ya kuzunguka, nikamwambia apandishe tu, tutafunga pesa ikipatikana. Ilipopatikana nikanunua bati. Jumatatu anakuja kuubomoa ukuta wote. Nondo za milimita 12 zimeshafika, ziko chini ya mgomba. Mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Mwenye nyumba akikujibu, nipigie hata usiku.

Baba yako