Aspirini na saratani: jirani yangu anajitibu kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Nilifanya kazi ya maabara miaka 31, na muda mwingi niliinamia hadubini nikihesabu chembe sahani, zile ambazo sisi wa maabara huziita pleteleti. Ndiyo maana ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba aspirini kila siku inazuia saratani isisambae, umeninyima usingizi. Jirani yangu, mama mwenye saratani ya titi, aliniambia juzi kwamba humeza vidonge viwili vya miligramu 300 kila asubuhi. Daktari wake hajui.

Ujumbe huo una ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli visivyo na kiini. Mikrolita moja ya damu huwa nazo kama 150,000 hadi 400,000. Kazi yake ni kuziba mshipa uliochanika. Seli ya saratani ikibanduka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu, huwa mashakani: mkondo unaipigapiga, seli za kinga zinaiwinda. Chembe sahani huigandia kana kwamba ni jeraha, zikaifunika gubigubi. Ndani ya blanketi hilo kinga haiioni vizuri, na chembe hizo huitolea kemikali zinazoisaidia kupenya ukuta wa mshipa na kuweka makazi kwenye mapafu au mifupa.

Baadhi ya ujumbe wa kemikali ambao chembe sahani hupelekeana ni wa mafuta. Sisemi mafuta ya kupikia: ni molekuli zinazomegwa kutoka utando wa seli zenyewe. Mmojawapo ni thromboksani A2, ambayo huziita chembe sahani nyingine zije kujazana. Machi 2025 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza katika jarida la Nature kwamba thromboksani hiyo pia huzipumbaza seli T, askari wa kinga, na kwamba aspirini, kwa kuzuia isitengenezwe, huzirudishia makali. Walifanya kazi hiyo kwa panya wa maabara. Ujumbe wa sauti hausemi habari ya panya.

Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo. Sweden na nchi jirani zake, katika utafiti uliotolewa mwaka huohuo, wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa, na ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko fulani ya jeni, walipewa miligramu 160 kwa siku kwa miaka 3. Kurudi kwa ugonjwa kulipungua kwa karibu nusu. Hiyo ni habari njema kwelikweli. Lakini Marekani na Kanada, wagonjwa zaidi ya 3,000 wa saratani ya titi, ugonjwa wa jirani yangu, walijaribiwa kwa miligramu 300, na matokeo yaliyotolewa 2024 hayakuonyesha faida yoyote.

Madhara, kwa upande mwingine, nimeyaona kwa macho yangu. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo aspirini ikishaharibu kimeng'enya chake cha kutengenezea thromboksani, haiwezi kuunda kingine. Hubaki hivyo mpaka ife, siku 8 hadi 10. Anayeacha kidonge leo bado anaweza kuvuja damu kesho kutwa. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani, ambazo mara nyingi hupunguza chembe sahani, akimeza aspirini anaongeza kuni motoni. Na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengue, 2014 na 2019. Dengue, homa ya mbu inayoweza kuvujisha damu, na aspirini havikai pamoja.

Ninaloomba gazeti lako ni hili: mtafute daktari bingwa wa saratani awaeleze wasomaji suala hili kwa Kiswahili, aanzie kwa mguu unaovimba kwa sababu ya damu iliyoganda. Armand Trousseau, daktari wa Paris, aliona tangu 1865 kwamba wenye saratani hugandiwa na damu mishipani. Mgonjwa wa saratani akivimba mguu mmoja na ukauma, au akabanwa na pumzi ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kukandwa maji moto nyumbani. Ndugu wengi wanaouguza hawajawahi kuambiwa hilo.

Jirani yangu amekubali nimsindikize kliniki Jumatatu. Tumekubaliana aende na pakiti ya vidonge mkobani, amwonyeshe daktari mwenyewe.

Mstaafu wa maabara,
Morogoro