Tuwaulize wanafunzi kuhusu usingizi na chakula kwa pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi tunaolea wanafunzi wa vyuo hapa Tabora tunalitazama nusunusu. Mwanafunzi akilalamika kwamba hapati usingizi tunamwambia aache simu, na akionekana hali chakula tunamhimiza ale; ni mara chache tunamuuliza yote mawili kwa kikao kimoja.

Muhula uliopita, nikizungukia hosteli ninayoisimamia, nilimkuta binti wa mwaka wa pili (ameridhia niandike haya) ameketi sakafuni saa nane usiku, ndoo ndogo ya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) aliyotumiwa na mama yake ikiwa katikati ya magoti, anakula harakaharaka gizani bila hata maji. Nilidhani bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limemwishia, kwa kuwa njaa ya namna hiyo tunaijua, nayo inadai jibu lake. Kumbe fedha alikuwa nazo. Alikuwa akishinda na njaa kwa kuogopa kunenepa, usiku tumbo likimkatalia usingizi anaamka na kula hadi linamuuma, kisha anakesha kwa aibu, na kunapokucha anajiadhibu kwa kukataa hata uji. Zahanati alikwishakwenda mara mbili kueleza kwamba hapati usingizi, akapewa vidonge. Hakuna aliyemuuliza anakula nini na saa ngapi.

Mwili hauvitenganishi vitu hivi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume wenye afya njema walipewa muda wa saa nne tu kitandani kila usiku kwa siku mbili mfululizo, wakalinganishwa na walivyokuwa walipopewa muda wa saa kumi: leptini, homoni inayoupa ubongo taarifa ya shibe, ilikuwa chini kwa asilimia 18, na grelini, inayoamsha njaa, ilikuwa juu kwa asilimia 28, huku hamu ikielekea zaidi kwenye vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Utafiti huo ni mdogo, na sidai kwamba kukesha peke yake huleta maradhi ya ulaji, kwa kuwa hofu na sonona huweza kuvuruga usingizi na mlo kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mwanafunzi anayekesha kwa kahawa wiki nzima ya mitihani, halafu akamaliza sahani mbili za chipsi usiku wa manane, hastahili kuitwa mlafi.

Ninaziomba zahanati za vyuo ziongeze maswali machache ya ulaji kwa kila mwanafunzi anayekuja kulalamikia usingizi, na ya usingizi kwa anayepungua au kuongezeka uzito ghafla, na walezi wa hosteli tufundishwe kuzitambua dalili hizi. Wazazi nao, mtoto anaporudi likizo, wasimpokee mlangoni kwa kumwambia, "Mbona umenenepa hivyo?" Binti niliyemtaja alianza kujinyima chakula baada ya salamu kama hiyo.

Mlezi wa hosteli,
Tabora