Nyota Isiyo na Jina

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo sote, mama yako amemaliza kuvuna karanga na mgongo wake umetulia. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara tatu. Nilitaka kukupigia simu, nikaona hapana, jambo hili linataka karatasi.

Unasema umempata mtu huko Dar es Salaam anayenunua nishani za zamani, ukamwonyesha zile tatu za babu yangu, naye akakwambia hazina bei kubwa kwa sababu hazikuandikwa jina la mtu. Sijakukasirikia. Najua ada inakusumbua, na nimeshaongea na baba yako mdogo, tutaipata. Lililonikaa rohoni ni hilo neno, hazina jina.

Ni kweli, hazina. Katika Vita ya Kwanza Waingereza walichonga namba ya askari, jina lake na kikosi chake ukingoni mwa nishani. Za Vita ya Pili waliamua zitoke tupu. Mojawapo ya zile tatu inaitwa Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Ya jenerali na ya askari wa miguu kutoka Unyamwezi ni ileile, pembe sita, taji katikati, herufi za Mfalme George wa Sita. Huko kwenye nyota walilingana. Kwenye fedha hawakulingana hata kidogo. Vita ilipokwisha, malipo ya kuagana na jeshi yalipimwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapewa sehemu tu ya alichopewa mzungu aliyebeba bunduki kama yeye. Mpaka leo nikilifikiria hilo linanichoma.

Babu alikuwa Keya, ndivyo wazee walivyowaita askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Alikuwa batalioni ya 36, ya watu wa Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru. Walipelekwa kwanza Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katikati ya mwaka 1944 wakaingizwa Burma kuwafukuza Wajapani. Kazi yao ilikuwa bonde la Kabaw, kutoka Tamu kushuka kusini mpaka Kalewa, kando ya mto Chindwin. Waliteremka nalo masika yakiwa yamepamba moto. Barabara iligeuka tope, magari yakazama, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa kwa ndege. Malaria ilikuwa adui wa pili, na vidonge walivyomezeshwa kuizuia viliwageuza ngozi rangi ya manjano. Hayo bibi aliyasikia kwa mwenzake babu wa kombania moja, aliyerudi mwaka 1946 akaja kutoa pole, akakaa kwenye kigoda uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alisema babu alipigwa risasi mwezi wa 11, wakipanda kilima ambacho jina lake hata yeye hakuwahi kulijua. Tarehe 2 Desemba wenzao waliingia Kalewa, na siku chache baadaye wahandisi wakatandaza juu ya Chindwin daraja la vyuma la zaidi ya futi 1,100, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Babu hakulivuka.

Sasa chukua ile nyota nyingine, ya utepe wa rangi tatu, buluu iliyoiva, nyekundu na buluu ya mbingu. Hiyo ni ya 1939–45. Sheria yake ilitaka miezi sita kwenye uwanja wa vita. Babu hakuifikisha. Lakini sheria hiyohiyo ilisema anayekufa kazini hahesabiwi miezi, anapewa. Mwambie huyo mnunuzi wako kwamba nyota ile ni ya miezi iliyokatika. Ndiyo maana naipenda kuliko hiyo ya Burma, ingawa ya Burma ndiyo watu huiulizia.

Bibi aliitwa bomani akakabidhiwa kisanduku cha karatasi ngumu, akaweka dole gumba kwenye daftari kwa sababu hakujua kusoma. Kisanduku kiliozeshwa na mvua zamani. Nishani zenyewe alizifunga kwenye pindo la khanga, na kila mwaka, kabla ya kumsomea babu dua, alizifungua akazisugua kwa limau na majivu. Itazame nyota ya Burma kwa karibu, ielekeze dirishani. Taji limelainika, ile herufi ya kwanza ya mfalme huioni tena, unaigusa tu kwa kidole. Huyo mtu wako ataita huo uharibifu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita, nimekaa kwenye mkeka, namwona bibi akisugua huku midomo inacheza. Nilidhani anaimba. Nilipokua nikajua alikuwa anataja jina, anasugua na kutaja, mpaka limau linaisha maji.

Jina hilo ndilo alilokupa wewe ulipozaliwa. Alikupakata, akakutazama, akasema, huyu ndiye. Wewe ni kitukuu chake pekee uliyeitwa hivyo.

Mwaka juzi nilimwomba binamu yako anitafutie kwenye kompyuta, kwenye daftari la tume ya makaburi ya vita. Babu hana kaburi linalojulikana. Yuko kwenye nguzo za mawe za Taukkyan, nje kidogo ya Rangoon, pamoja na karibu wanaume 27,000 ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika. Namba yake ipo, kikosi kipo, na jina lipo herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Niliisoma ile karatasi iliyochapwa nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe peke yangu.

Basi usizitume kwa basi, na usimwachie mtu azibebe. Zifunge kwenye kitambaa cha pamba, siyo mfuko wa plastiki, plastiki hunasa unyevu na shaba ikaingia kutu. Wala usizisafishe. Njoo nazo mwenyewe ukifunga chuo. Khanga ya bibi ninayo sandukuni, na mama yako amekutengea debe zima la karanga.

Baba yako