Bao nalo lipewe kona gazetini

Ndugu Mhariri,

Mi msomaji wenu wa siku nyingi, kwetu Tanga ila saivi niko Ujerumani. Huku nimejifunza mchezo unaitwa Go, asili yake China, Wajapani na Wakorea wanaupenda mno. Ubao una mistari 19 kwa 19, mnaweka kete nyeusi na nyeupe pale mistari inapokutana, nafasi ziko 361, kete ikishakaa haihami ila ikizingirwa inatolewa, na mwenye eneo kubwa ndo kashinda.

Mwaka 2023 kongamano la Go la Ulaya lilikuwa Leipzig nikajiandikisha yale mashindano ya wikiendi, mechi tano siku mbili. Mi ni kyu 12, yaani ngazi za wanaojifunza, bado mchanga. Hakuna mtoano, ukifungwa hutolewi, unapangiwa mwingine wa kiwango chako na mechi zako zote unacheza.

Mechi ya tatu inaniuma mpaka leo. Nilishika nyeusi, kona mbili nimeshazikamata, mpinzani wangu mama mmoja wa makamo akaingia katikati ya eneo langu, basi nikaogopa, kila anapoweka na mi najibu hapohapo wakati upande wa pili kuna nafasi kubwa iko wazi, muda ukaniishia nikawa nacheza kwa sekunde za kuhesabiwa. Kuja kuhesabu, nimefungwa kwa nusu pointi. Nusu! Mweusi ndo anayeanza kwa hiyo mweupe anapewa fidia, na ile fidia ina nusu ili sare isiwepo.

Nikainuka niondoke, yule mama akaniambia kaa. Kumbe mechi nzima ameiandika kwenye karatasi, kila kete na namba yake! Tukaipanga upya moja moja mpaka akanionyesha nilipoharibu, na wala sio pale nilipodhani, ni mapema kabisa. Karibu saa nzima amekaa na mimi na bado ana mechi nyingine mbele.

Hapo nikamkumbuka babu. Alikuwa fundi wa bao, anaweza kukuhesabia mtaji, yaani mchezo wa kula kete, kichwani mpaka kete ya mwisho itakapoangukia, baraza linajaa watu. Amefariki, na hakuna hata mchezo wake mmoja ulioandikwa.

Japani magazeti ndo yanadhamini mataji ya Go, Yomiuri wana Kisei, Mainichi wana Honinbo, na mechi zinachapwa na maelezo yake msomaji anafuata kete kwa kete.

Sasa Mhariri, kurasa zenu Simba na Yanga kila siku, mi mwenyewe Yanga sina ugomvi, ila naomba kona ndogo hata mara moja kwa wiki. Mchoro wa mashimo 32, kila shimo na idadi ya kete zake, swali moja tu, huyu acheze wapi? Jibu wiki inayofuata. Mafundi wapo Zanzibar, wapo Tanga, wengine wameshazeeka, mtumeni mwandishi na daftari lake akakae nao barazani. Michoro mi nitawachorea bure, na ya kwanza naanza leo usiku.

Msomaji wenu,
Leipzig